Balbu za Volti Ishirini na Nne

Tabora, Jumapili ya pili ya Julai. Huu ni mwaka wa thelathini na moja tangu niteremke Soni nikiwa nimekaa nyuma ya lori la kabichi, nikiipa milima kisogo.

Shemeji Hoza,

Onga mshi. Salamu hii sijaitamka kwa muda mrefu kwa kuwa hapa hakuna wa kuiitikia, na wewe pia hutaiitikia. Naiandika kwa sababu mtu wa kwetu haanzi habari kabla ya salamu, hata kama anayemwandikia yuko kaburini mwaka wa thelathini na moja.

Jana asubuhi nilichagua balbu za gari. Sikuwa nimefanya kazi hiyo tangu nilipokuchagulia wewe.

Nina jirani hapa, mwalimu mstaafu aitwaye Rehema. Ana gari dogo la Kijapani alilolinunua kwa mafao yake. Taa yake ya mbele, ya kushoto, ilikufa juzi, na askari wa barabarani akamsimamisha akamwambia gari lake lina chongo. Akaja kwangu. "Shikamoo Mzee Msambaa," akasema, maana huku ndilo jina langu, "nasikia zamani ulikuwa mtu wa spea. Nisindikize dukani. Mimi nikienda peke yangu wataniuzia hata taa ya baiskeli." Sijui nani alimwambia. Kwa watu wa hapa nimekuwa karani wa ghala la tumbaku, basi.

Twende dukani kwanza, maana nataka uone. Balbu zilikuwa zimetundikwa ukutani ndani ya nailoni, dazeni kwa dazeni, kama vitunguu. Mimi na wewe tulikuwa tunakaa miezi mitatu tukiisubiri moja. Mwenye duka ni mama mmoja mcheshi, sauti yake inasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Akatuletea balbu yenye kioo cha bluu. Akasema hiyo ndiyo inayotoka siku hizi, nyeupe kama mchana, wati mia. Nikamwomba bisibisi. Nikaitoa ile iliyokufa kwenye gari la Mwalimu, nikaigeuza, nikasoma maandishi ya kwenye kitako cha shaba: volti kumi na mbili, wati sitini kwa fulu, hamsini na tano kwa dimu. Nikamwambia nataka yenye maneno hayohayo, si pungufu wala si zaidi. Hiyo ya wati mia itaunguza nyaya na kuyeyusha kishikio, na anayekuja mbele itampofusha.

"Babu," akasema yule mama, "unachagua balbu au unachagua mkwe?"

Dukani watu walicheka. Mwalimu alicheka. Na mimi nikacheka, mdomo wangu ulijua la kufanya.

Nilitaka mbili zinazofanana, ijapokuwa taa ya kulia ilikuwa bado hai, kwa sababu zilizoanza kazi pamoja hufa kwa kukaribiana, na gari lenye jicho moja kali na jingine hafifu linamdanganya anayelitazama kwa mbali. Nilizishika kitakoni bila kugusa kioo, maana balbu za siku hizi mafuta ya vidole huzipasua. Kisha nikamwambia Mwalimu aliondoe gari kwenye kivuli cha duka, alisimamishe juani, ndipo awashe. Akaniuliza kwa nini, mbona palepale kivulini tungeona vizuri. Nikamjibu kwamba kivulini hata taa dhaifu hupendeza.

Ziliwaka. Nikafunga boneti. Nikarudi nyumbani, nikala wali, nikalala mchana kama kawaida. Leo nimekaa kukuandikia. Nina mambo matatu ya kukwambia: nilichokufanyia, nilichokifanya mwaka huu, na jibu nililoletewa. La kwanza nusu yake unaijua.

Unakumbuka tulivyoanza. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya Uhuru, kwenye gereji ya yule mlowezi tuliyemwita Bwana Miwani, pale Lushoto. Wewe ulikuwa ukiosha magari, mimi nafagia stoo. Alinifundisha kusoma vitako vya balbu kabla sijaweza kusoma gazeti la Kiingereza, na kila nilipomletea kitu alisema kwa Kiswahili chake kibovu, "Soma kwanza, leta pili." Uhuru ulipokuja akauza vitu vyake akaondoka, na Landrova yake ya kijani ikawa mali ya chama chetu cha ushirika. Wewe ukawa dereva wake. Mimi nikawa mtunza stoo. Ukamwoa Eliza, mdogo wangu, ukaanza kuniita shemeji hata mbele ya mwenyekiti.

Nilisoma kila kitu siku zile. Vitabu vya maktaba ya misheni, karatasi za kufungia sukari, maandishi ya kwenye makopo. Ulikuwa ukiniambia, "Shemeji, wewe ukikosa kitabu utasoma kwato za mbuzi." Nilipenda kusikia hivyo. Mtu aliyekuwa akisoma kila kitu ndiye huyo aliyesoma siku ile pia.

Kisha ikaja miaka ya Ujamaa, na spea zikapotea. Silalamiki kuhusu miaka ile. Ilikuwa na mambo mema niliyoyaona kwa macho yangu, na shule ya Mtae ni mojawapo. Lakini spea hazikuwapo. Balbu yako ya kulia ilipasuka mwezi wa nne. Ya kushoto ikawa nyeusi ndani kama kibuyu cha maziwa. Niliandika barua mkoani mara tatu. Kila Jumatatu ulikuja dirishani pa stoo, ukaweka kiwiko, ukaniuliza, "Zimefika?" nami nikasema bado. Madereva wote waliuliza, na wote niliwaambia bado, kuhusu balbu, kuhusu mkanda wa feni, kuhusu breki. Nilikuwa mtu wa bado. Ilifika mahali watu walinisalimu huku wanapita.

Wiki ya kwanza ya Julai sanduku likafika. Lilikuwa na balbu nne. Nilifungua peke yangu. Umbo lilikuwa lilelile, miguu mitatu ileile, kitako kilekile. Nikazigeuza, nikasoma. Volti ishirini na nne. Zilikuwa za malori makubwa. Landrova yako ilikuwa ya volti kumi na mbili.

Nilijua maana yake, Hoza. Naliandika hili kwa herufi za kawaida ili lisomeke. Balbu ya volti sita ukiitia kwenye gari la volti kumi na mbili inalipuka, na hapo hakuna anayedanganyika. Lakini ile ya ishirini na nne hailipuki. Inaingia vizuri, inakaa vizuri, na inawaka. Inawaka hafifu, rangi ya manjano, kama mtu anayezungumza huku amejifunika blanketi. Nilijua hivyo siku ile kama ninavyojua leo.

Na rangi ile ya manjano ndiyo iliyotuponza. Mtu wa Tanga mjini asingeponzwa nayo. Unamkumbuka padri aliyekuwa na gari la taa za manjano, lililotoka kwao Ulaya nazo. Madereva wote wa mlimani walimwona akipita ukungu wa msitu wa Magamba kama mtu aliyeshika kamba. Mkaamini kwamba manjano inapasua ukungu, nyeupe inarudi machoni. Nadhani kuna ukweli fulani ndani yake. Mwingine akafunika taa zake kwa nailoni ya manjano, mwingine akazipaka rangi ya dirisha. Nawe ulisema mara nyingi, "Ningepata za padri, shemeji, ningelala usingizi."

Siku hiyohiyo mwenyekiti alikuwa amekuagiza upeleke mabati Mtae, kwa ajili ya darasa ambalo mgeni wa mkoa angekuja kulifungua Jumamosi. Ulirudisha Landrova kinyumenyume mpaka ndani ya stoo, kwenye giza lile lililonuka gunia na mafuta, ili nikutazamie kama kuna lolote. Nikatia zile balbu. Sikuwa nimeamua kitu. Nilitaka tuone tu zinavyowaka, halafu nikueleze kwamba hizi si zako. Ukawasha. Ukuta wa stoo ukawa rangi ya ndizi mbivu.

Ulishuka. Ukasimama mbele ya gari umeweka mikono kiunoni. Ukaniambia, "Shemeji. Umenipatia za padri."

Nilitakiwa kusema hapana. Nimelitafuta sana neno lile, nimelisema peke yangu hapa Tabora nikiwa natembea, na kila nikilisema linatoka bila taabu. Siku ile niliutazama uso wako. Kwa miezi mingi hakuna mtu aliyekuwa amefurahia kitu kilichotoka katika stoo yangu.

Nikasema, "Ndiyo. Za ukungu."

Ukanishika mkono kwa mikono yako yote miwili, kama mtu anayepokea. Ukaondoka na mabati kesho yake alfajiri.

Nilidhani nini? Nimejiuliza. Nilidhani utaenda na kurudi mchana wa jua, kisha Jumatatu nizitoe. Nilidhani taa hafifu ni bora kuliko kutokuwa na taa. Hata hilo si kweli, maana asiye na taa anajua hana, husimama, hupiga honi, hushuka kutazama. Wewe uliyekuwa nazo uliziamini.

Ulifika Mtae, mabati yakashushwa. Ijumaa ulikuwa unarudi na gari tupu. Mama mmoja anayeuza chai Lukozi alisema msibani kwamba ulikunywa vikombe viwili na ukamwambia, "Leo Magamba siiogopi, nina taa za manjano." Alisema ili kutufariji, kwamba ulikuwa na furaha. Waliokuwapo hawakujua wayaweke wapi maneno hayo. Mimi nilijua.

Saa kumi alasiri ukungu ulikuwa umeshakaa msituni. Kwa yeyote atakayeisoma barua hii nikiwa sipo, nieleze desturi yetu. Kona ile kubwa ya msitu wa Magamba haikuruhusu magari mawili. Chini yake palikuwa na kijinafasi cha kusubiri. Mwenye gari jepesi ndiye aliyepaswa kuuliza: anasimama, anawasha fulu mara mbili kuelekea juu ya kona. Mwenye mzigo akiwa anakuja, anajibu mara moja kwa taa zake, na yule wa chini anasubiri. Kukiwa kimya, anapita. Hakuna serikali iliyoiandika sheria hiyo. Lakini dereva aliyeingia kona bila kuuliza, hata kama hakugonga mtu, wenzake waliacha kunywa chai naye.

Wewe uliuliza. Sikuwapo, lakini nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Ulisimama, ukawasha mara mbili. Juu palikuwa na lori la magogo. Dereva wake alikuwa anatazama, mtu mzima, mwangalifu, aliyekufundisha wewe mwenyewe kona zile. Hakuona kitu. Hakujibu. Ukasikia kimya, na kwa desturi yetu kimya ni ruhusa. Ukapita.

Walinijia stoo wakati nafunga. Walisema Landrova iko chini ya magogo, na Hoza yumo.

Sikulia. Eliza alilia, wanawake wa Lushoto walilia, mchungaji alikatika sauti kaburini. Mimi nilihesabu misumari ya jeneza. Ilikuwa kumi na sita. Mpaka leo nikifikiri juu ya mazishi yako naona misumari.

Uchunguzi ulifanyika chumba cha mikutano cha chama. Dereva wa lori aliletwa akiwa amefungwa bandeji kichwani, akasema, "Nilikuwa natazama. Sikuona taa. Mungu wangu, angewasha ningeona." Akalia mbele ya watu. Alisema kweli. Kisha nikaitwa mimi. Waliniuliza kama nilikupa balbu. Nikasema nilikupa. Wakaniuliza kama zilikuwa nzima. Nikasema zilikuwa nzima. Kulikuwa na polisi, mwenyekiti, na mtu wa wilaya, na hakuna aliyeuliza volti. Kwa nini waulize? Mwenye kujua volti nilikuwa mimi. Vioo vya taa vilikuwa unga, hapakuwa na cha kusoma.

Wakaandika kwamba dereva aliingia kona bila kuwasha taa.

Mitaani hawakusema hivyo. Mitaani walisema, "Aliingia bila kuuliza." Wengine wakaongeza kwamba ulikuwa umekunywa pombe ya boha Mtae, wewe ambaye harufu yake tu ilikutia chafya. Siku ya tatu Eliza alinijia dirishani, akaweka kiwiko palepale ulipokuwa ukiweka wewe. Akasema, "Kaka, Hoza hawezi kusahau kuuliza. Taa zilikuwa nzima?" Nikasema zilikuwa nzima. Alinitazama kidogo. Akaondoka, na hakuniuliza tena.

Nilikaa mpaka matanga yalipoanuliwa. Nikaomba uhamisho. Ofisa aliniuliza nataka kwenda wapi, nikasema popote pasipo na mlima. Alidhani ni mzaha. Tabora ni tambarare, Hoza. Gari linaonekana likija kwa nusu saa. Ukungu hakuna, kuna vumbi tu, na vumbi watu hulisubiri litue.

Zilikuwa zimebaki balbu mbili sandukuni. Moja niliiacha. Nyingine niliifunga kwenye leso, nikaitia kwenye kopo la majani ya chai, nikaja nayo. Sijui niliichukua kwa nini. Ilikaa chini ya kitanda changu miaka yote hiyo, na kila nilipohama chumba ndiyo niliyoibeba mkononi, vingine nikavitia kwenye mkokoteni.

Hayo ni ya kwanza. Sasa ya mwaka huu.

Mwezi wa tatu nilipata barua ya Eliza. Huwa ananiandikia mara moja kwa mwaka au miaka miwili, habari za mvua, nani amekufa, mipera na miplamu imezaa au haikuzaa. Safari hii aliandika juu ya Nehemia, mwanao. Ulimwacha akiwa na miaka mitano, anakata mabomba ya mpapai anayageuza honi. Sasa ni mtu mzima, ana watoto, ana leseni ya magari makubwa. Ameendesha malori ya watu huko chini, Korogwe na Same, kwa sababu mlimani hakuna aliyempa gari. Aliomba kuendesha basi la Lushoto kwenda Mtae. Mwenye basi alikuwa radhi, lakini akawauliza kwanza madereva wazee, kama ilivyo desturi. Wakamjibu, "Huyu si mtoto wa yule aliyeingia bila kuuliza?" Akakataliwa. Mwishoni Eliza aliandika: "Sikuombi kitu, kaka. Nakupa habari tu."

Nilikaa na barua hiyo siku tisa. Sitakuambia kwamba nilipambana na moyo wangu, maana sikusikia moyo ukifanya lolote. Niliamka, nikafagia uwanja, nikachemsha chai, nikalala. Siku ya kumi nikanunua karatasi.

Niliandika barua mbili. Moja ya Eliza. Nyingine ya madereva wazee, kwa mkono wa Nehemia. Niliandika kama mtu wa stoo anavyoandika, bila mapambo: kilichofika sandukuni, kilichoandikwa kwenye kitako, nilichosoma, ulichosema wewe, nilichojibu mimi, nilichoulizwa kwenye uchunguzi, nilichojibu. Sikuomba radhi kwenye ile ya madereva. Niliona ningeomba radhi wangesoma radhi na kuacha volti.

Kisha nikafikiri kwamba watu wa kwetu hawataamini karatasi, na ni haki yao, maana mwenye karatasi ndiye aliyewadanganya. Nikalivuta kopo. Nikaifunga ile balbu kwa pamba, nikaitia kwenye kiboksi, nikaandika maelekezo. Tafuteni Landrova ya zamani, bado zipo. Pimeni betri yake muone ni volti kumi na mbili. Tieni balbu hii upande mmoja, upande wa pili chomoeni waya. Msiiwashe ndani ya banda, ndani ya banda itawapendeza. Subirini ukungu wa Magamba ukae. Wazee wasimame juu ya kona, pale linapofika lori. Mmoja akae chini na gari, awashe fulu mara mbili. Kisha tieni balbu yenye volti zake, awashe tena mara mbili. Basi.

Jibu limekuja Jumanne iliyopita. Ameandika Nehemia. Mwandiko wake umelala upande mmoja kama wako.

Anasema, "Shikamoo mjomba. Tulifanya kama ulivyoelekeza." Landrova walipata kwa mkulima mmoja wa Mlola, inayobeba viazi. Walisubiri siku nne kupata ukungu unaofaa. Wazee saba walipanda juu ya kona, na yule dereva wa lori la magogo akiwemo. Bado yu hai, Hoza. Macho yake mazuri, magoti ndiyo yameisha, walimbeba kwa pikipiki. Nehemia mwenyewe alikaa kwenye usukani chini, kwenye kijinafasi kile. Aliwasha mara mbili. Akasubiri. Akawasha tena mara mbili, kwa kuogopa kwamba amekosea. Kisha wakabadilisha balbu, akawasha mara mbili, na hapohapo akasikia kelele juu, watu wakiita, "Tumeona! Tumeona!"

Alipopanda aliwauliza kama ile ya kwanza waliiona. Wakasema ya kwanza ipi, wao walidhani alikuwa bado hajaanza.

Kisha yule mzee wa lori akavua kofia. Akasema, "Basi Hoza aliniuliza. Mimi ndiye sikusikia." Wakamwambia hapana, si wewe wala si yeye. Akasema tena, "Aliniuliza." Akataka apelekwe kaburini kwako siku hiyohiyo, wakampeleka kwa pikipiki ileile.

Nehemia ameshaanza kazi ya basi. Anaondoka Lushoto asubuhi, analala Mtae, anarudi kesho yake. Anasema taa za basi ni za volti ishirini na nne, kama zinavyotakiwa ziwe, na alisoma kitako mwenyewe kabla ya kuwasha injini. Wazee wamekunywa naye chai Lukozi. Balbu yangu hakuirudisha. Hajui pa kuiweka, ameitia kwenye kabati la vyombo la mama yake.

Nilikuwa nasubiri neno moja katika barua hiyo. Nililisubiri kama ulivyokuwa ukisubiri dirishani. Ukurasa wa mwisho, chini kabisa, ameandika hivi: "Mama amesoma barua yako mara mbili. Amesema nikujulishe kwamba tumeipokea. Hajasema uje."

Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko alivyosoma yeye barua yangu. Ni mstari ulioandikwa vizuri. Mwanao hakuongeza kitu wala hakupunguza. Angeweza kunipa maneno matamu kivulini, nikafurahi, naye angeonekana mpwa mwema. Hakunipa. Nadhani atakuwa dereva mzuri.

Nimejiuliza nimehisi nini. Nilidhani nikisema kweli kitu kitafunguka, nitalia, nitasikia hata uchungu. Sijasikia. Ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu: nauona, ni wangu, naugusa, hauko. Labda baadaye. Nina miaka sabini na minne, na baadaye yangu si ndefu.

Mambo mengine madogo. Mlango wa stoo ulipakwa rangi ya bluu, Eliza aliwahi kuandika. Mlowezi wetu hakurudi. Darasa la Mtae bado lina mabati yako, yameota kutu upande wa mvua tu. Vitabu vyangu nimewapa watoto wa Mwalimu Rehema, nimebakiwa na Biblia na kamusi. Jana, baada ya kumtilia balbu, Mwalimu aliendesha mpaka nyumbani akiwa amewasha taa mchana kweupe, na watu wakamwashia nao kumkumbusha azime. Akawa anacheka njia nzima. "Mzee Msambaa," akasema, "wameniona wote." Nikasema ndiyo, ndivyo inavyotakiwa.

Hoza, sina cha kukupa. Ninakuahidi jambo moja ambalo liko ndani ya uwezo wangu. Mtu yeyote akiniuliza, awe wa hapa au wa kwetu, awe ameuliza vizuri au ameuliza nusu, nitamjibu mpaka mwisho, pamoja na volti. Sitasubiri aulize swali lililo sahihi. Na nikifa kabla hajatokea wa kuniuliza, barua hii iko kwenye lile kopo la majani ya chai, na Mwalimu Rehema anajua lilipo na imwendee nani.

Lala, shemeji. Uliuliza. Sasa kila anayepita Magamba anajua kwamba uliuliza.

Mimi nabaki huku kwenye tambarare. Kwetu sitarudi.